Nyuki wa kudarizi anayetoka kama nzi: mashine yako si mbovu

Dada uliyeuliza, nimeitazama kwa makini picha ya taulo yako ya jikoni. Umeeleza kwamba mchoro wa nyuki uliununua mtandaoni, ukaupunguza kutoka sentimita 12 hadi 7 ili uingie kwenye fremu ndogo, kisha nyuki akatoka amefura, mabawa yamekuwa kama kiraka cha chokaa na miguu imezama ndani ya taulo. Unauliza kama mashine imeharibika. Kabla hujamlipa fundi, naomba unisikilize, kwa sababu kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe, tena kwenye kazi ya mteja.

Mashine nyingi zinapopunguza mchoro hazipunguzi idadi ya mishono. Ukitoka sentimita 12 hadi 7, eneo linabaki kama theluthi moja tu ya lile la mwanzo, lakini mishono ni ileile, kwa hiyo umeibana karibu mara tatu ya alivyokusudia mchoraji. Ndiyo maana kitambaa kimekuwa kigumu kama kadibodi na sindano imeanza kugonga uzi uliokwisha kulala. Mimi sipunguzi wala siongezi zaidi ya asilimia 10 nikiwa mashineni. Zaidi ya hapo narudi kwenye programu inayohesabu mishono upya. Ink/Stitch, inayofanya kazi ndani ya Inkscape, ni ya bure, lakini huhesabu upya mchoro uliochorwa ndani yake; faili la mishono lililonunuliwa huliingiza na mishono ileile.

Kazi ninayoisema ilikuwa aproni za kikundi cha akina mama wauza asali. Niliharibu tano kabla sijasimama na kufikiri. Ya sita niliiona nzuri, nikampelekea mmoja wao ambaye amelina asali tangu utotoni, naye akaigeuza huku na huku, akacheka, akasema, “Mwanangu, huyu ni nzi. Nyuki ana mabawa manne.” Nilirudi nyumbani nikiwa nimefedheheka, lakini alisema kweli: nzi ana mabawa mawili, nyuki ana jozi mbili, na miguu yake yote sita inatoka kifuani, si tumboni kama ilivyokuwa kwenye mchoro wangu. Michoro mingi inayouzwa ina kasoro hiyohiyo, na wako pia, nikihesabu vizuri, una mabawa mawili tu. Mnunuzi wa kawaida hatagundua, ila ukiwauzia wafuga nyuki utaambiwa siku ya kwanza.

Tangu hapo nimejifunza kwamba nyuki wa kina hapatikani kwa kuongeza rangi na mishono, bali kwa mpangilio wa nini kinatangulia na uzi unalala kuelekea wapi. Mimi huanza na miguu, ili mwili uje kufunika mashina yake. Hufuata tumbo, kisha mabawa, kisha kifua kinachofunika mahali mabawa yalipoanzia, kisha kichwa. Vipapasio huwa vya mwisho, kwa mshono wa mstari unaokwenda na kurudi juu ya njia yake. Usivifanye kwa mshono wa setini, yaani zigizagi iliyosongamana, kwa sababu setini iliyo nyembamba kuliko milimita moja hujikusanya ikawa fundo.

Mabawa ndiyo yaliyonisumbua kuliko kitu kingine chochote. Ujazo wa kawaida, yaani mishono inayojaza eneo, huacha takriban milimita 0.4 kati ya mstari na mstari. Kwenye bawa mimi huacha milimita moja, na sitii mishono ya msingi inayotangulia chini, ili kitambaa chenyewe kionekane kwa chini na kulifanya bawa liwe kama kioo. Rangi ni kijivu cheupe, maana nyeupe tupu ndiyo inayoleta ile chokaa. Mishipa ya bawa naichora juu yake kwa kijivu kilichokolea, kwa uzi namba 60 na sindano 65/9. Kumbuka kwamba kwenye nyuzi hizi namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba. Sehemu nyingine zote natumia namba 40 na sindano 75/11.

Kwa tumbo, achana na njano ya kung’aa na nyeusi. Nyuki wetu wa asali ana rangi ya asali iliyoiva na kahawia iliyokolea. Kila mstari wa rangi ulalie jirani yake kwa nusu milimita, kwa kuwa mishono huvuta kitambaa ndani, na mistari iliyokutana vizuri kwenye kompyuta huacha pengo kwenye nguo. Mielekeo ya nyuzi ipinde kufuata mviringo wa tumbo. Mwanga wenyewe utafanya kazi ya kivuli, nawe utakuwa umeokoa rangi mbili. Kifua kina manyoya, kwa hiyo natia tabaka la kahawia, kisha juu yake mishono mifupi isiyolingana, ya milimita 1.5 hadi 3, ikitoka katikati kwenda nje. Mishono hiyo ikilingana, atakuwa amevaa sweta.

Sasa taulo yako. Vitanzi vyake vinapenya katikati ya mishono, hata ukiongeza uzi kiasi gani. Tandika juu yake karatasi laini inayoyeyuka kwa maji, na kabla ya nyuki mwenyewe pitisha ujazo mwepesi wa rangi ileile ya taulo, ili vitanzi vilale. Ukimaliza, karatasi hiyo iguse kwa kitambaa kibichi iyeyuke. Usiivute, utang’oa vipapasio. Wala usiibane taulo kwenye fremu, kwani itabaki na alama. Bana peke yake karatasi ya nyuma, ile ya kuimarisha kitambaa, ikazwe kama ngozi ya ngoma, kisha ishikize taulo juu yake kwa mishono mirefu ya kuondoa baadaye. Mifuko ya kanvasi haina shida; karatasi ya kuchanika inatosha. Fulana zinahitaji ile ya kukata kwa mkasi inayobaki ndani, vinginevyo nyuki atajikunyata baada ya kufuliwa mara mbili.

Jambo dogo kuhusu faili: kama mashine inasoma faili za aina ya DST, usishtuke ukiona tumbo la kijani kwenye kioo, kwa sababu aina hiyo haibebi rangi. Andika mpangilio wa rangi kwenye karatasi. Karatasi hiyohiyo andika namba ya mshono kila unapobadilisha uzi, kwani umeme ukikatika utajua pa kuanzia bila kufumua. Kwetu hukatika.

Ninachokushauri ufanye kwanza ni kurudi kwenye faili la asili la sentimita 12. Kama fremu yako hailiwezi, lipunguze ndani ya programu, si mashineni. Darizi nyuki mmoja kwenye kipande cha kanvasi kilichobaki, kwa mwendo wa mishono 600 kwa dakika, usizidishe. Halafu geuza nyuma utazame sehemu za setini: uzi wa bobini, yaani ule wa chini, unapaswa kuonekana katikati, kama theluthi moja ya upana, na uzi wa juu pande zote mbili. Ukiona hivyo, mashine ni nzima. Ukiona uzi wa juu peke yake, au wa bobini umetawala kote, weka picha ya upande huo wa nyuma hapa, pamoja na aina ya uzi ulioutumia, tuutazame mkazo wa uzi kabla hujafungua wala kukaza skrubu yoyote ya bobini.