Mita 1,400 za kwenye boksi zilimuua ndama wa jirani yangu

Mkuu, usilipie hiyo darubini ya joto ya kufunga kwenye bunduki, ile inayoonyesha joto la mwili gizani. Na kama umeshalipia, omba hela yako kabla mzigo haujatoka.

Umeuliza uchukue ipi ya kuwindia nguruwe pori usiku: ile ndogo yenye kihisi joto cha pikseli (vidoa vinavyounda picha) 256 kwa 192 na lenzi ya milimita 19, au ile ya 384 kwa 288 yenye lenzi ya milimita 35. Halafu ukasema unaegemea ndogo kwa kuwa boksi lake limeandikwa "inaona mita 1,400". Hapo hapo kwenye mita 1,400 ndipo nilipopotea mimi.

Yangu ilikuwa kama hiyo hiyo, kila pikseli upana wa mikroni 12 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), lenzi ya 19. Muuzaji aliniangalia usoni akaniambia, "Ukiona cheupe kinatembea kwenye mazao, piga, usiku hakuna kingine huko." Nikamwamini. Leo hii nikikumbuka hilo neno "piga" damu inachemka.

Usiku wenyewe mvua ilikuwa imenyesha jioni. Majani, udongo na magogo vyote vilikuwa vimelowa na kufikia joto linalokaribiana, kwa hiyo picha ilikuwa imefifia, kijivu kila mahali. Pembeni ya shamba nikaona doa jeupe, yaani kitu chenye joto. Linainama, linainuka, linasogea hatua mbili, linainama tena. Nikakisia mita 110 na nguruwe wa saizi ya kati. Nikakuza mara nne. Doa likawa kubwa, kingo zake zikawa ngazi ngazi, lakini hakikuongezeka kitu ambacho sikukiona mwanzo. Kukuza kwa namna hiyo ni kama kuvuta mpira: unarefuka, hauongezeki. Miguu sikuiona, ilikuwa ndani ya majani. Nikafyatua.

Sikusikia nguruwe. Nilisikia ndama analia.

Nilipofika na tochi, kitu cha kwanza kukiona ni kamba shingoni, imelowa, ncha yake imechanika pale alipoikata. Kwenye darubini kamba ile haikuwepo kabisa, kwa sababu ilikuwa imechukua joto la manyoya. Risasi ilikuwa imempata chini ya kifua, ikabidi nimmalize mwenyewe. Nikiwa bado nimepiga magoti pale, nikaona tochi nyingine inakuja kutoka upande ule ule niliokuwa nimelenga. Mtoto wa jirani, miaka tisa, ametumwa kumtafuta ndama. Alikuwa amechelewa nyuma dakika chache tu.

Jirani nilimlipa. Hela ilipita. Ile tochi ndogo inayokuja haijapita.

Siku ya pili nilipima: mita 220, mara mbili ya nilivyokisia. Darubini ya joto inakunyang'anya hisia ya umbali. Hakuna kivuli, hakuna rangi, ndama wa mbali anakaa sawasawa na nguruwe wa karibu. Ndiyo maana risasi ilishuka, na ndiyo maana sasa siwezi kupiga bila kipima umbali cha leza, hata niwe na uhakika namna gani.

Sasa sikiliza hesabu ambayo hakuna muuzaji atakayekupigia. Chukua mikroni za pikseli, gawanya kwa milimita za lenzi, zidisha kwa 10. Unapata sentimita ambazo pikseli moja inafunika kwenye mita 100. Kwa 12 na 19 ni sentimita 6.3. Kwenye mita 220 ni karibu sentimita 14. Sehemu ya ndama iliyokuwa juu ya majani ilikuwa kama sentimita 45. Pikseli tatu, mkuu! Nilifyatua risasi kwenye pikseli tatu.

Na ile 1,400 inatoka wapi? Mwaka 1958 mtafiti wa jeshi la Marekani, John Johnson, alipima watu wanahitaji kuona kiasi gani ili wajue wanachokiangalia. Vipimo vyake ukivigeuza kuwa pikseli, kugundua tu kwamba pale kuna kitu kunataka kama pikseli 2. Kujua ni aina gani ya kitu, kama 8. Kujua ni kipi hasa, kama 13. Na hapo ni kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, yaani hata ukizifikia bado unaweza kukosea mara nyingi tu. Mtu wa mita 1.8 ukimgawa kwa pikseli mbili, kwa lenzi ya 19, unafika mita 1,400 na kitu. Hawajadanganya kwa namba. Wameandika umbali wa kugundua kwa herufi kubwa na kukuacha uamini ni umbali wa kupigia.

Nguruwe wa kimo cha sentimita 60 akiwa wazi wote, pikseli 13 unazipata mpaka kama mita 73 kwa lenzi ya 19. Kwa lenzi ya 35 ni kama mita 135. Kwa 50 ni kama 190. Toa ya majani, toa ya mvua, toa ya ukungu. Hiyo ndiyo darubini unayonunua.

Kwa hiyo kati ya hizo mbili, chukua ya 35. Ila angalia mikroni, kwa sababu za zamani ni 17, na 17 kwa lenzi ya 35 inakurudisha karibu sentimita 5 kwa pikseli. Na wasikubabaishe na kihisi cha pikseli 640 kwa upana kwa ajili ya "kuona mbali". Kihisi cha 640 chenye mikroni zile zile na lenzi ile ile kinakupa uwanja mpana zaidi, jambo zuri kwa kundi linalokimbia, lakini mnyama anapata pikseli zile zile. Kinacholeta undani ni lenzi.

Kuna jamaa anayezisifia darubini hizi kwenye video, naye ana fungu lake la lawama. Anapiga picha usiku mkavu wa baridi, ardhi tupu, mnyama yuko mita 50, halafu anasema "tazama alivyo wazi". Hata mshumaa ungekuwa wazi hapo! Mwambie akapige kwenye majani yaliyolowa.

Sharti langu ni moja tu na silegezi kwa mtu: hesabu miguu, ona kichwa kinaangalia wapi, ujue nyuma yake kuna nini. Kimoja kikikosekana, kidole kinakaa nje ya kifyatulio. Nguruwe akienda leo atarudi kesho, wale huwa wanarudi.

Na tafadhali usitafute wanyama kwa darubini iliyo juu ya bunduki. Kila unachokitazama unakielekezea mtutu, na siku moja utakachokitazama ni mtoto mwenye tochi. Nunua darubini ndogo ya joto ya mkononi kwa ajili ya kuangalia, hata kama itabidi usubiri miezi kadhaa kupata zote mbili. Mimi ningesubiri.

Uliuliza pia kuhusu betri na kurekodi video, sijui na nini kingine. Hayo hayamuui mtu. Angalia kwanza kama sheria za unakoishi zinaruhusu kuwinda usiku kwa kifaa hiki, kisha uniandikie hapa mikroni za zote mbili na urefu wa majani ya shambani kwako, nikupigie hesabu kabla hujatoa hela.