Kabla ya kununua kapasita, kagua waya

Kaka, hiyo kapasita unayotaka kununua, kile kifaa cha kuhifadhi umeme kidogo kwa ajili ya besi, iache dukani kwanza. Umesema Toyota Fielder yako ina amplifaya ya klasi D (aina isiyopoteza umeme mwingi) ya wati 1000 RMS, yaani wati za mfululizo, taa hufifia kila besi ikigonga, na waya ni geji 8 (namba ya geji ikipungua, waya unanenepa) wa seti ya nyaya iliyoandikwa "1500W". Mimi ningeanza na huo waya.

Usisome boksi, piga hesabu ya ampea. Klasi D hupoteza takriban asilimia 20 kama joto, kwa hiyo ili itoe wati 1000 inavuta kama 1250. Gawa kwa volti 13.8 injini ikiwaka: ampea 90. Kutoka betri hadi buti weka mita 5. Geji 8 ya shaba itakula karibu volti 0.9 njiani, geji 4 haifiki 0.4. Chukua geji 4.

Iwe shaba tupu, lakini. Luthuli na Kirinyaga Road, Nairobi, utauziwa pia alumini iliyopakwa shaba, na kwa macho zinafanana kabisa. Kwangua uzi mmoja kwa kisu palepale dukani. Ukiona weupe ndani, ni alumini, na hiyo hupitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba.

Ethi, yaani waya wa hasi kutoka amplifaya hadi bodi ya gari, ndiyo inayodharauliwa, na inaniuma kuona kazi nzuri ikiharibikia hapo. Ampea zote 90 zilizoingia lazima zirudi! Tumia geji ileile, isizidi nusu mita, kwenye bati nene la bodi lililokwanguliwa rangi hadi ling'ae. Bolti ya mkanda wa usalama usiiguse. Ukishakaza, paka grisi juu kuzuia kutu. Waya wa hasi ya betri kwenda kwenye bodi nao uongezee geji 4.

Halafu pima: multimita kwenye volti, ncha moja hasi ya betri, nyingine hasi ya amplifaya, besi ikigonga. Ikisoma nusu volti, ethi ni mbovu.

Fyuzi ya ampea 100 ikae karibu na betri, isipite sentimita 45. Kazi yake ni kulinda waya: ukichunika pale unapopenya ukuta wa injini na fyuzi haipo, gari linaungua. Weka raba kwenye hilo tundu.

Taa zikiendelea kufifia ukiwa kwenye jam ya Thika Road, injini ikizunguka polepole, basi oltaneta, mashine inayozalisha umeme wa gari, imelemewa. Kapasita haizalishi umeme. Hizo pesa tafutia oltaneta kubwa.