Mama yangu na ruhusa ya kutofunga

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, dini inaturuhusu kujipenda, au kujipenda ni mlango wa kiburi?", limenigusa pabaya. Neno lenyewe nimelichoka. Ukifungua simu asubuhi unakutana na mtu kashika glasi ya juisi, chini kaandika "jipende kwanza wewe". Kuna semina zake, tena za kiingilio. Na nawajua watu, sitawataja, waliomwacha mzazi mgonjwa mikononi mwa mdogo wao wa mwisho, na ukiwauliza wanakwambia wanalinda amani ya moyo. Kwa hiyo jibu nililokuwa nalo kichwani lilikuwa fupi: ni mlango wa kiburi, na siku hizi hata komeo hauna.

Lakini nilipokaa kuandika akanijia Mama.

Kuhusu ruhusa yenyewe sioni cha kubishania. Wakristo wana amri ya Walawi 19:18, ambayo Yesu aliirudia katika Marko 12: mpende jirani yako kama nafsi yako. Asiyejitakia heri, jirani yake atapimiwa nini? Na sisi Waislamu tuna mengi, mengine nitayataja. Linalonisumbua mimi ni jingine, nanyi hamkuliuliza: mtu ambaye Mungu mwenyewe kampa ruhusa, kwa nini anaikataa?

Mama ana sukari. Aligundulika zamani, anatumia vidonge, na miaka yote hiyo alikuwa akifunga Ramadhani bila kukosa huku sisi tukimwangalia kwa woga. Ramadhani ya 2016 iliangukia Juni. Wa Tanga mnaijua Juni yetu: kusi linavuma, jua si kali, kiu haikusumbui. Akasema mwaka huu ndio mwepesi kuliko yote. Nesi wa kliniki alikuwa amemweleza kwa utaratibu kwamba vidonge vile vinaendelea kushusha sukari hata kama tumboni hamna kitu, na kwamba kipimo kikisoma chini ya 3.9 afungue pale pale, hata kama zimebaki dakika 10 kuadhiniwa magharibi. Mama akaitikia "sawa mwanangu", kama anavyowaitikia wachuuzi wa vyombo wanaopita mlangoni.

Siku moja katikati ya mwezi, baada ya alasiri, tulikuwa uani kwetu Ngamiani tunakuna nazi za futari. Nikasikia mbuzi imenyamaza. Kugeuka, Mama kashika kizio, jasho linamtiririka na kusi lote lile, mikono inatetemeka, na nikimuuliza ananijibu mambo ya harusi iliyokwisha mwaka wa jana. Kipimo kilisoma 2.9. Nikamletea maji ya sukari, akaziba mdomo kwa upindo wa kanga. "Imebaki saa moja na kitu," akasema. "Nitavumilia."

Aliyetuokoa ni jirani yetu wa nyuma, mama wa Kisambaa kutoka Lushoto, Mlutheri, aliyesikia sauti yangu akaingilia mlango wa uani. Hakujitia kwenye hoja za dini yetu. Alichukua kikombe mkononi mwangu, akamwambia, "Dada, kunywa, halafu utanigombeza." Mama akanywa. Nadhani mbele ya jirani aliona aibu ya kubishana kuliko aibu ya kufungua.

Usiku, baada ya tarawehe, tukamwomba Maalim aje, yule aliyetusomesha sote chuo cha Kurani. Hakuhubiri. Alianza na kisa kilichomo katika Sahihi Bukhari, mkusanyo wa hadithi za Mtume, cha Salman na Abu Dardaa, ambao Mtume aliwaunganisha undugu. Salman alikwenda kumtembelea ndugu yake, akamkuta mkewe kavaa nguo chakavu. Kuuliza, akaambiwa: ndugu yako hana haja na dunia. Abu Dardaa akaandaa chakula, akasema, wewe kula, mimi nimefunga. Salman akasema, sili mpaka ule. Akala. Usiku akataka kusimama kuswali, Salman akamwambia lala. Akataka tena, akaambiwa lala. Usiku ulipokaribia kwisha Salman akamwamsha, wakaswali wote wawili, kisha akamwambia: Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na watu wa nyumbani kwako wana haki juu yako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Habari zilipomfikia Mtume akasema: Salman kasema kweli.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Ile ilikuwa funga ya sunna, Maalim. Hii ni faradhi."

Maalim akacheka. "Kweli kabisa, Bi Mkubwa. Na Abu Dardaa hakuwa na sukari."

Akamsomea Al-Baqara, aya ya 184 na 185: mgonjwa na msafiri watimize siku nyingine, fidia ya kumlisha maskini, na kwamba Mwenyezi Mungu anatutakia mepesi wala hatutakii mazito. Mama aya hizo anazo kifuani, alikuwa anazimalizia kabla yake.

"Lakini hiyo ni ya wagonjwa," akasema.

"Na wewe?"

"Mimi nina sukari tu."

Mimi nina sukari tu! Mwanamke huyu ndiye aliyemfungulisha dada yangu alipokuwa na mimba changa, kwa ukali, kamsimamia mpaka kamaliza bakuli. Jirani akiwa na homa humtangazia ruhusa kabla hajaulizwa. Hukumu aliijua kwa umma mzima wa Muhammad, isipokuwa kwa mtu mmoja.

Maalim akamwambia jambo la mwisho, kwamba Mwenyezi Mungu hupenda ruhusa zake zichukuliwe kama anavyochukia maasi yake yatendwe. "Sasa wewe, mama yangu, jambo linalompendeza unamnyima kwa sababu gani?" Mama hakujibu. Kesho yake alikunywa uji wa ulezi chumbani, mlango kaufunga, pazia kalishusha, kijiko anakiendesha polepole kisigonge bakuli. Mchana wa Ramadhani Ngamiani, mtu mzima kula ni jambo la kujificha hata kama Mungu hakukuficha. Kisha akaagiza mchele soko la Mgandini ili apime fidia. Kwa madhehebu ya Kishafii ni kibaba kimoja kwa siku. Yeye akapima vibaba 30, yaani pishi 7 na nusu, za mwezi mzima, pamoja na siku ambazo tayari alikwisha kuzifunga. Maalim alipopata habari akamrudisha: siku ulizofunga umefunga, hizo hudaiwi.

Tangu hapo hafungi, na mchele wa fidia anaupima kwa mkono wake.

Nalaumu kidogo darsa zetu, na mahubiri ya wenzetu pia, kwa yale ninayoyasikia kupitia vipaza sauti vya pande zote mbili. Nafsi tunaitajiwa kama adui tu. Pigana nayo, ikanye, iadhibu. Na ni kweli, katika Surat Yusuf imo nafsi inayoamrisha maovu. Lakini Al-Qiyama inaitaja nafsi inayojilaumu, na Al-Fajr inaitaja nafsi iliyotua, inayoambiwa irudi kwa Mola wake ikiwa radhi na imeridhiwa. Hiyo ya mwisho tunaisikia msibani peke yake. Mtoto wa kike akikua na ile ya kwanza tu, anaishia na kizio mkononi na sukari 2.9, akidhani yuko kwenye ibada.

Naona nimeandika kinyume cha nilichokusudia. Basi hukumu yangu, kwa shingo upande: ndiyo, kujipenda kumo ndani ya dini, tena kwa watu kama Mama naona ni wajibu. Ila nina masharti. Kwanza, isiwe haki ya nafsi peke yake. Salman alitaja haki tatu, na wenye semina wanakata mbili. Pili, anayejipenda kwa kukwepa zamu ya kumuuguza mzazi hospitalini asinitolee hadithi ya Salman. Tatu, sina hakika kama somo hili linafaa kwa wanaume wa baraza letu, ambao nafsi zao zinapata haki yake tangu kahawa ya alfajiri.

Nimemsomea dada yangu haya kwenye simu. Hakubali. Anasema Mama hakujipenda hata siku ile, alitii tu: alimtii jirani, akamtii Maalim, na sasa anaitii ruhusa kwa bidii ile ile aliyokuwa akifungia. Nimembishia, naye kaniambia nimuulize Mama mwenyewe. Nikamuuliza. Mama akasema niache maneno ya magazeti, nimtazamie kama mchele wa Kyela umeshuka bei.