Maswali na majibu: Wasia wa Luther ulifikaje Budapest?

Nilipoandika kuhusu wasia wa Martin Luther, mwanzilishi wa Ulutheri, na kuhusu Makumbusho ya Kilutheri ya Budapest, mji mkuu wa Hungaria, yaliyo kando ya kanisa la Deák tér (uwanja wa Deák), wasomaji waliniletea maswali mengi. Haya ndiyo niliyoweza kuyajibu.

Je, Luther aliwahi kuishi Hungaria? (Msomaji, Moshi)

Hapana. Wasia aliuandika Wittenberg, katika Saksonia ya Ujerumani, tarehe 6 Januari 1542. Mwaka 1804 Miklós Jankovich, Mhungaria aliyekusanya vitu vya kale, aliununua mnadani huko Ujerumani, kisha akawakabidhi Walutheri wa nchi yake. Yeye mwenyewe alikuwa Mkatoliki, na kwa hilo namheshimu sana.

Una nini cha ajabu wasia huo? (Mama mmoja, Bukoba)

Mama, swali lako ndilo lililonigusa kuliko yote. Sheria ya Saksonia wakati ule ilimpunja mjane, tena ikamwekea mwanamume wa kumsimamia. Luther alikataa. Alimwachia mkewe, Katharina von Bora, shamba la Zülsdorf, nyumba, na vikombe na vito alivyovikadiria kuwa vya gulden (sarafu za wakati ule) 1,000 hivi. Madeni nayo, gulden 450 hivi, alimwachia ayalipe. Akaeleza sababu: hakutaka mama ategemee mikono ya watoto wake, watoto ndio waitazame mikono ya mama.

Hakumwita mwanasheria, akisema anajulikana vya kutosha. Kwa hiyo alipofariki mwaka 1546 wasia ulikuwa na kasoro kisheria, ikabidi mtawala wa Saksonia, Johann Friedrich, authibitishe. Sisi tulioona mjane akitolewa nyumbani hata matanga hayajaanuliwa tunajua uzito wa karatasi hiyo. Ningependa isomwe katika kila semina ya ndoa.

Mbona kanisa lenyewe si la kale sana? (Msomaji, Nairobi)

Kwa sababu Walutheri walibanwa. Mpaka Kaizari Joseph II, aliyeitawala Hungaria, alipotoa amri ya uvumilivu wa dini mwaka 1781, hawakuwa na ruhusa ya kuabudu hadharani mjini Pest, ambao leo ni sehemu ya Budapest. Usharika ulianza 1787. Kanisa lilijengwa na Mihály Pollack, yule yule aliyesanifu baadaye Makumbusho ya Taifa ya Hungaria.

Kuna la kuona nje ya makumbusho? (Msomaji, Arusha)

Lipo. Tafuta hapo hapo uwanjani sanamu ya mchungaji Gábor Sztehlo. Mwaka 1944, Wayahudi walipokuwa wakiwindwa, aliwaficha watoto katika nyumba alizozifungua hapa na pale mjini, na waliookolewa hivyo wanakadiriwa kuwa 1,600. Kufika ni rahisi: njia tatu za treni za chini ya ardhi zinakutana Deák tér.

Usharika wetu ni mdogo. Tukitaka nasi kutunza historia yetu, tuanzie wapi? (Mzee wa kanisa, Njombe)

Mzee wangu, shikamoo. Anzeni na kabati moja lenye kufuli, mahali pasipovuja. Wekeni humo rejesta za ubatizo na ndoa, vikombe vya zamani vya ushirika, na picha. Nyuma ya kila picha andikeni kwa penseli majina ya waliomo, maana wanaowatambua ni wazee. Warekodini wazee hao kwa simu tu, wakisimulia nani alibeba mawe ya kujengea na nani alifundisha kwaya ya kwanza. Na kama mna kengele ya zamani iliyopasuka, tafadhali, msiiuze kama chuma chakavu.