Kwa mnaoanza kutazama ndege Kilimanjaro upande wa Rongai: simameni mpakani, pale mimea inapobadilika

Naandika hii kwa vijana mnaoanza kuongoza wageni wa ndege, na kwa yeyote aliyenunua darubini juzi anataka kupanda Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini. Njia ya Rongai inaanzia geti la Nalemuru, kama mita 1,950 hivi, unapita kwanza kwenye shamba la miti, misindano na sipresi zilizopandwa kwa mistari, halafu kipande chembamba cha msitu wa asili, halafu unatokea kwenye erika, vile vichaka vya milimani, na nyasi za juu ambako upepo unakupiga kifua. Nimezunguka kule miaka kumi na kitu na kila msimu naona kosa lile lile kwa wageni wapya: watu wanatembea sana.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na wageni wawili waliotaka kitu kimoja tu, shorobo wa Hartlaub, yule ndege wa kijani na bluu mwenye doa jeupe mbele ya jicho. Nikawakokota ndani ya sipresi masaa matatu. Kimya. Sipresi za rika moja zikibanana hivyo chini hakuoti kitu, hakuna kichaka, hakuna matunda, wadudu wachache, sasa ndege aje kufanya nini? Mimi nilidhani msitu ni msitu. Tukiwa tunarudi tumenuna tukakutana na bibi mmoja na mzigo wa kuni, nikamwamkia shikamoo bibi, akaitika marahaba, akaniuliza mnatafuta nini na hayo madude shingoni. Nilipomwambia akacheka kidogo akasema, "Mjukuu wangu, huyo hakai kwenye miti ya serikali, anakaa pale inapoishia, nendeni kwenye korongo mkasimame." Tukaenda, tukasimama, na kwa kweli haikufika nusu saa tukasikia ule mkoromo wake, krrr krrr krrr, kama mtu anakwaruza ubao, halafu akaruka kutoka mti wa podo kuvuka korongo na mbawa zikafunguka nyekundu kabisa. Ule wekundu ni rangi halisi yenye madini ya shaba ndani yake, si mng'ao wa mwanga kama ilivyo kwa ndege wengi wanaometameta, na akitua anaukunja wote unapotea, unabaki kuangalia majani. Mgeni mmoja alilia.

Tangu siku hiyo nafundisha watu kusimama mpakani. Pale sipresi zinapokutana na msitu wa asili, pale mierezi na podo zinapopungua na erika kuanza, pale kijito kinapokata nyasi za juu. Chagua mpaka mmoja, fika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, usiutoke hadi saa nne. Dakika ishirini za mwanzo unaweza usione kitu na moyo utakwambia songa, usisonge. Ndege wadogo wa msituni wanatembea kwa kundi la mchanganyiko, vile vijindege vya kijani-njano vyenye duara jeupe machoni vikiwa wengi, na wengine wanafuata nyuma yao, kundi likipita mbele yako miti inajaa sauti dakika tano halafu basi, limeondoka. Ukiwa unatembea utakutana na mkia wake tu.

Nisiwatukanishe mashamba ya miti lakini. Kuna sehemu zilizovunwa ambapo wananchi wanalima viazi na karoti katikati ya miche midogo, hapo ni pazuri sana, simama pembeni uone chiriku wanavyoshuka kwenye mbegu za magugu, na juu ya kisiki utamkuta mwewe mkubwa mwenye mkia wa rangi ya kutu anasubiri panya. Salimia wenye shamba kwanza, usikanyage matuta ya watu, na vibali viwe mkononi, vya shamba la miti ni kwa TFS, wakala wa misitu wa serikali, na vya hifadhini ni kwa KINAPA, Hifadhi ya Taifa Kilimanjaro, usichanganye. Na msituni nyati na tembo wapo, usiingie peke yako eti kuna sauti umeisikia.

Kuhusu sauti, hapa ndipo penye kazi. Msituni tisa kati ya kumi utawasikia kabla hujawaona na wengine hutawaona kabisa. Programu za simu zinasaidia ila mimi zimeshanidanganya mara nyingi, na kule juu baridi inamaliza chaji upesi. Njia yangu ni ya kizamani, daftari dogo na penseli, kwa sababu kalamu ya wino inagoma kwenye unyevu, andika sauti kwa namna unavyoisikia wewe kwa Kiswahili au Kichaga au lugha yoyote ya nyumbani, maana ukikopi zile za kwenye vitabu vya Kiingereza hutazikumbuka. Na tafadhali sana hii ya kupiga sauti ya ndege kwenye spika ili dume aje, acheni. Anaacha kula, anaacha kiota, anakuja kupigana na adui asiyekuwepo, na wewe umepata picha.

Darubini chukua 8x42, yaani inavuta mara nane na lenzi ya mbele ni milimita 42. Wengi wanakimbilia kumi kwa sababu inavuta zaidi lakini ukishapanda huku unahema mikono inatetemeka na picha inacheza, nane inatulia.

Kuanzia Novemba hadi Machi angalia vizuri kwenye vichaka vyenye matunda, kuna wageni kutoka Ulaya, mmojawapo ni kijivu tu mwili mzima, dume ana kofia nyeusi na jike kofia ya kahawia, wanaoanza wengi huandika ndege wawili tofauti. Ni mmoja.

Juu ya msitu mambo yanabadilika. Ndege ni wachache ila unawaona wazi, kwa hiyo ukiwa mgeni wa kazi hii jifunze huko. Anza na alpaini chati, kile kindege cha kahawia kinachorukaruka kambini, kikiruka pembe za mkia zinawaka nyeupe. Kaa nacho asubuhi nzima, jua kinasimama wapi, kinaitaje, kinafukuzana na nani. Usikirushie mkate.

Halafu nenda kwenye lobelia, ule mmea mkubwa wa juu mlimani unaosimamisha mnara wa maua. Alfajiri maji yaliyokaa kwenye majani yake yana barafu juu, gusa kwa kidole utaona, na hakuna kinachotembea. Jua likishafika hapo subiri. Atakuja chozi dume, ndege mnyonya maua, kijani cha kumetameta, mkia mrefu, atashika mnara wa maua kwa kucha na kuingiza mdomo uliopinda chini kabisa mpaka paji la uso linapotea ndani, akitoka limepakwa chavua, anaenda nayo mnara wa pili. Akichangamka utaona vishungi vyekundu pembeni mwa kifua. Moto ulipounguza erika Oktoba 2020 mimi niliwaza huyu kwanza kabla ya kuwaza wageni watakosa nini, maana maua yakiungua yeye hana pa kwenda juu zaidi, juu ni mawe. Kwa hiyo mwenye sigara au jiko la kambi mwambieni ukweli usoni, hata kama ndiye anayelipa.

Ukungu huwa unapanda kuanzia saa tano, ukiona mabega ya mlima yameanza kufutika funga darubini, vaa koti la mvua, shukeni wote pamoja huku bado mnaona njia.