Mpira hauinuki watu wakikuangalia

Mdogo wangu wa Chumbageni, umesema una mwezi wa pili kwenye gofu, ukiwa peke yako unapiga vizuri ila watu wakisimama nyuma yako mpira unaburuzika chini, unauliza ni mkono au ni kichwa. Ni kichwa, na pole sana, najua inavyouma. Mpira wa gofu umetulia pale chini haukimbii kama wa miguu, so unapata muda mwingi wa kuwaza na mawazo ndo yanakaza mabega.

Fanya hivi, simama nyuma ya mpira, chagua kitu kidogo cha karibu, mfano jani kavu hatua moja mbele kwenye mstari unakopeleka, toa pumzi yote, ingia, litazame lile jani mara moja tu halafu piga, usikae pale unakumbuka makosa ya jana. Fimbo ishike kama unavyoshika mkono wa mtoto mkivuka barabara, hachomoki ila haumii.

Kanuni zinaruhusu fimbo 14 ila kwa sasa beba tatu, ya chuma namba 7, ya kutolea mpira kwenye mchanga na ile ya kusukumia shimoni, basi. Hiyo ya kusukumia ipe nusu ya muda wako aisee, shimo lina upana wa milimita 108 tu, na hata nyumbani unalaza kikombe mwisho wa mkeka unapiga taratibu.

Nenda asubuhi, kusi ikianza kuvuma mchana mwanafunzi anateseka bure. Shoti ikiharibika nung'unika hatua kumi, ya 11 uwe unaangalia jani lingine.