Kabla hujapandisha antena sokoni: kwa wanaoanza kazi ya Wi-Fi ya umma

Vijana wanaokuja kwangu hapa Busia, upande wa Uganda, wakitaka kuanza biashara ya Wi-Fi huanza na swali lilelile: ninunue rauta gani? Rauta si tatizo. Ukiwa na pesa, unaagiza Kampala asubuhi na jioni imeshafika kwa basi. Swali la kuanza nalo ni hili: mtu akitumia mtandao wako kumtapeli mwenzake, polisi watabisha kwa nani? Ukiwa na jibu, utajua utafute leseni gani, uandike mkataba wa namna gani, na utunze kumbukumbu zipi.

Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2013 inaipa Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, kazi ya kutoa leseni kwa wanaowauzia watu huduma za mawasiliano. Wi-Fi hurushwa kwenye masafa ya 2.4 GHz na 5 GHz, ambayo hulazimiki kuyanunua kama wenye minara wanavyonunua yao. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Wanasikia masafa ni huru, wanadhani na biashara ni huru. Kuwawekea Wi-Fi wateja wanaokunywa chai kwenye hoteli yako ni jambo moja. Kuuza vocha kwa soko zima, steji ya boda na maegesho ya malori ni jambo jingine kabisa, na huko unahitaji ama leseni yako mwenyewe au mgongo wa mwenye leseni.

Kwa anayeanza na antena mbili, ushauri wangu ni huo wa pili. Tafuta kampuni ya intaneti yenye leseni inayokubali mawakala, na kila kitu kiwe kwenye karatasi: kwamba unaruhusiwa kuuza tena, nani anatunza kumbukumbu, nani anajibu barua ya polisi, na laini ikikatika utarudishiwa nini. Laini ya nyumbani usiiguse kwa biashara hii. Ni rahisi, ndiyo, lakini mikataba yake kwa kawaida inakataza kuuza tena, na siku watakapogundua watakata bila kukupigia simu, wateja wako wakiwa na vocha za wiki nzima mkononi.

Vifaa navyo vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na UCC. Nalisema hili kwa sauti kubwa kwa sababu tuko mpakani, na kila mtu anajua mzigo unaopita njia za panya ni wa bei nafuu. Rauta isiyo na idhini inaweza kukamatwa, na hata isipokamatwa, baadhi yake zimewekewa nguvu ya kurusha ya nchi nyingine, zinawaharibia majirani. Na antena yako ielekeze upande wetu. Leseni ya Uganda inaishia mpakani. Ng'ambo ile kuna Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, nayo ina utaratibu wake.

Sasa someni historia kidogo, wadogo zangu, kwa sababu nchi hii imeshajaribu njia mbili tofauti na zote zina cha kufundisha.

Mwaka 2016 serikali, kupitia NITA-U, mamlaka yake ya teknolojia ya habari, ilizindua Wi-Fi ya bure iliyoitwa MYUG katikati ya Kampala na Entebbe. Siku za kazi ilifanya kazi kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Watu walicheka: intaneti ya popo! Lakini ukiitazama kifundi, hesabu ilikuwa ya akili. Ofisi za serikali zilikuwa zimeshaunganishwa kwa mkongo wa taifa, yaani nyaya kuu za intaneti, na uwezo huo ulilala bure watumishi walipokwenda nyumbani. Wakaupeleka mitaani. Gharama ya ziada ikawa ndogo, na mwanafunzi au kijana wa boda wa usiku akanufaika. Aliyekosa ni mama wa nyanya, ambaye anahitaji kujua bei ya Kampala saa 2 asubuhi, na saa 12 jioni anafunga turubai. Ratiba ilifuata nafasi ya mtandao badala ya kufuata siku ya mtumiaji. Nawapa mfano huu kila mara kwa sababu na sisi wadogo tunafanya yaleyale: tunaweka antena palipo na umeme na nguzo, kisha tunashangaa watu hawaji.

Njia ya pili ilikuwa ya kibiashara. Google ilijenga mkongo wa jiji Kampala kuanzia mwaka 2013, mradi ambao baadaye ukawa kampuni ya CSquared, na haikuuza kwa mtu wa mtaani. Iliwakodishia kampuni za intaneti. Mwishoni mwa 2015 mojawapo, Roke Telkom, ikaanza kuuza Wi-Fi juu ya miundombinu hiyo kwa shilingi 1,000 kwa siku. Chukueni muundo wake: mmoja anajenga mkongo na kuukodisha kwa wote, wengi wanashindana kwenye mita za mwisho hadi kwa mteja. Naamini hapo ndipo UCC ingefaa kuweka nguvu zaidi kuliko kuhangaika na vibanda vya vocha. Mkongo ukiwa wazi kwa wote kwa bei inayojulikana, vijana watafikisha Wi-Fi mahali ambapo kampuni kubwa haitatuma hata fundi.

Tuje kwenye bei, maana hapa ndipo biashara nyingi hufia. Tangu Julai 2021 data ya intaneti ina ushuru wa asilimia 12, uliochukua nafasi ya ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza 2018. Juu ya ushuru huo inakuja VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18. Chukua huduma ya shilingi 1,000: ushuru unaifikisha 1,120, VAT inaisukuma hadi karibu 1,322. Kwa hiyo kampuni ikikutajia bei ya laini, uliza palepale: ni kabla ya kodi au baada? Ukisahau swali hilo, faida yako yote inaweza kumezwa na tofauti hiyo. Data inayotumika kutolea huduma za afya na elimu haitozwi ushuru huo wa asilimia 12, kwa hiyo ukipata kazi ya kuunganisha shule au kituo cha afya, zungumzeni na mhasibu kabla ya kusaini.

Kuhusu kasi, fanya hesabu ya foleni. Laini ya 20 Mbps (megabiti 20 kwa sekunde) ikigawanywa kwa watu 40 walio hewani kwa wakati mmoja ni nusu Mbps kwa kila mtu. Hiyo inatosha WhatsApp, haitoshi video. Weka kikomo kwa kila mtumiaji tangu siku ya kwanza, maana kijana mmoja anayepakua mechi nzima anaweza kuwakalia wote. Na kwenye 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 au 11 tu, ndizo zisizokanyagana. Soko la Busia lina rauta nyingi kupita kiasi, kila duka na yake. Zunguka na simu kwanza, uone nani yuko wapi. Simu zinazoweza, zisukume kwenye 5 GHz, ila ujue ukuta wa tofali unaipunguza sana.

Kuna tatizo moja ambalo hakuna muuzaji wa rauta atakueleza. Mifumo mingi ya vocha hutambua simu kwa anwani yake ya kifaa, ile inayoitwa MAC. Tangu yalipokuja matoleo ya mifumo ya simu ya Android 10 na iOS 14, kwa kawaida simu haitoi tena anwani yake halisi. Inatunga ya bandia kwa kila mtandao. Mteja akiambia simu iusahau mtandao kisha akaunganisha upya, anaweza kuja na anwani ngeni, na vocha yake ya wiki inaonekana imeliwa. Atakuja kibandani akifoka kwamba mmemwibia, na kwa upande wake ana haki. Na ukibadilisha jina la mtandao wako, hata herufi moja, umewageuza wateja wote kuwa wageni kwa usiku mmoja. Tumia mfumo ambapo mteja anaingia kwa namba ya vocha kwenye kifaa chochote, mfumo uhesabu muda wa vocha badala ya kutambua simu. Jina la mtandao likae lilivyo.

Jina hilo pia ndilo wezi wanalolitafuta. Mtu anaweza kukaa kwenye ngazi ya duka na simu yake, akarusha mtandao wenye jina kama lako, akatengeneza ukurasa wa kuingilia unaoomba namba ya siri ya mobile money. Waelimisheni wateja kwa bango la kuandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili na Kisamia: ukurasa wetu hauombi PIN kamwe. Waelezeni na sababu. Ukipiga *165# ya MTN au *185# ya Airtel kwa mobile money, ujumbe huo unapita kwenye mnara wa simu, haupiti kwenye Wi-Fi. Ukurasa wowote wa mtandao unaotaka PIN yako ni wa mwizi. Wanaelewa haraka sana ukiwaonyesha kwenye simu yao wenyewe, wakiwa wamezima Wi-Fi na salio bado linakuja.

Umeme na radi sitaviongelea sana, maana fundi yeyote wa huku anajua mvua ya Ziwa Victoria inavyokuja na radi. Nguzo iwe na waya wa ardhini, kebo iwe na kinga pande zote mbili, juu na chini. Betri ikadirie masaa ya kukatika kwa umeme unayoyaona mtaani kwako, usiamini ya kwenye karatasi.

Kumbukumbu za watumiaji ndizo zinazonipa wasiwasi zaidi kwa wageni wa kazi hii. Wengine hawatunzi chochote. Wengine wanataka picha ya kitambulisho cha taifa, namba ya simu, hadi jina la baba, vyote kwenye daftari lililoachwa wazi juu ya meza. Wote wako pabaya. Rauta yako inawaficha wateja wote nyuma ya anwani moja ya intaneti, kwa hiyo bila kumbukumbu, kosa la mmoja linakuwa lako. Unachohitaji ni kidogo: vocha ipi, kifaa kipi, anwani ipi ya ndani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Huhitaji kujua mtu alitembelea ukurasa gani. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inakutaka ukusanye kinachohitajika tu, ukilinde, na ujisajili kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi. Askari akija na maneno matupu, mpeleke kwa kampuni mshirika wako, aje na hati. Fanya hivyo kwa heshima, na andika tarehe aliyokuja.

Mtajiuliza kuhusu kuzimwa kwa intaneti. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ya nchi nzima ilizimwa kwa siku kadhaa, na Facebook ikafungwa mwezi huohuo na kubaki imefungwa kwa miaka. Wi-Fi yako inapita kwa kampuni yenye leseni, nayo ikipewa amri inatii. Kwa mteja hilo linaonekana kama Wi-Fi yako mbovu. Andika kwenye vocha kwamba muda husimama laini ikiwa imezimwa, na mfumo uweze kweli kuusimamisha. Usiwauzie wateja ujanja wa kukwepa kufungiwa. Leseni inayokufunika si yako, na mwenye leseni hatakutetea.

Mei 2024 tuliona jambo jingine: nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na Afrika Mashariki yote ikaburura miguu. Uganda haina bahari, kwa hiyo kila kitu chetu kinatokea pwani za majirani. Uliza kampuni yako kama ina njia zaidi ya moja kutoka nje, na kama imeunganishwa UIXP, kituo cha Kampala ambapo kampuni za ndani hubadilishana data tangu 2001. Aliyeunganishwa pale, sehemu ya trafiki ya wateja wake haihitaji kufika baharini.

Kwa wanaotaka kwenda vijijini, kaangalieni BOSCO, mradi wa intaneti wa Gulu, kaskazini mwa nchi. Walianza 2007 kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, kwa kompyuta za sola na Wi-Fi ya masafa marefu, wakisaidiwa na kanisa na si na soko. Kijijini vocha peke yake hailipi laini. Unahitaji nanga: shule, kituo cha afya, ushirika wa wakulima, mmoja anayelipa kila mwezi, kisha vocha ziwe nyongeza. Upo pia mfuko wa huduma kwa wote unaosimamiwa na UCC, UCUSAF, unaochangiwa na kampuni za mawasiliano kutoka mapato yao. Miradi yake huenda zaidi kwa walio na leseni, na hiyo ni sababu nyingine ya kuwa na mshirika anayejua kuandika maombi.

Ninachokiona kinakosekana ni daraja jepesi la usajili kwa wadogo: ada ndogo, fomu fupi, wajibu ulio wazi wa kumbukumbu na usalama, na hakuna kumdai mnunuzi wa vocha ya siku moja kitambulisho. UCC inapobadilisha kanuni huita maoni, na wanaojibu huwa ni wanasheria wa kampuni kubwa. Kwa hiyo anzeni daftari leo: watumiaji wangapi kwa saa, unanunua laini kwa bei gani, ilikufa siku zipi na kwa muda gani. Maoni yakiitwa, ukurasa mmoja wenye tarakimu hizo, uliotiwa saini na wenye vibanda wa Busia, Malaba na Arua kwa pamoja, utasomwa. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri mrudi nayo.